Shotigani ya pampu: ya zamani au mpya ya dukani?

Kwale_Mbio: Wakuu, naombeni ushauri. Leseni ninayo, ila fedha inatosha shotigani moja tu ya pampu, ya kuwindia bata na kwale. Kuna Remington 870 Wingmaster ya miaka ya 1960, mwenyewe anaiuza. Mbao zimechubuka lakini ukiipampu inateleza vizuri mno. Kwa bei hiyohiyo napata mpya yenye kitako cha plastiki na waranti. Nichukue ipi?

Mzee_Mtutu: Chukua ya zamani, ndugu yangu, ila ikague kwanza.

Mimi niliwahi kununua mpya kwa kuogopa mtumba. Hazijafika risasi thelathini, maganda yakaanza kung'ang'ania chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Fundi akamulika ndani, akanionyesha michirizi ya mashine ambayo hakuna aliyeisugua. Akaisugua yeye, ikapona. Kazi ile ilipaswa kufanyika kiwandani.

Mwili wa Wingmaster umechongwa kutoka pande moja la chuma, na 870 zimetengenezwa tangu 1950, hivyo vipuri vipo tele. Mtutu unabadilisha mwenyewe: fungua kifuniko cha mbele cha bomba la risasi, chomoa, weka mwingine.

Sasa nisikilize hapa. Soma maandishi ubavuni mwa mtutu. Nyingi za wakati ule zina chemba ya inchi 2¾. Ikiwa hivyo, usiweke risasi ya inchi 3 hata siku moja. Watu hudanganyika kwa sababu inaingia vizuri kabisa! Urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha kufunguka; kabla ya kupigwa, mdomo umekunjwa na ganda ni fupi. Ukifyatua, mkunjo unakosa nafasi ya kufunguka, njia inabanwa, shinikizo linapanda kupita kiasi. Nimemsikia mtu mzima akisema, "Mbona imeingia?" Niliogopa kwa niaba yake.

Bata_Maji: Mzee kasema kweli, ila bata wana jambo lao. Marekani, kwa mfano, marisawa (vile vipande vidogo ndani ya ganda) ya madini ya risasi yamepigwa marufuku kwa bata tangu 1991, na wengi sasa wanatumia ya chuma. Hayo hayabonyei. Mtutu wa zamani wenye mdomo uliobanwa sana unaweza kuvimba pale mbele. Angalia choki yake, yaani mdomo umebanwa kiasi gani, kabla hujalipa.

Mzee_Mtutu: Asante kwa kunikumbusha, hilo nililiruka. Akute imebana, atafute mtutu wa siku hizi wenye choki za kubadilisha, na aendelee na risasi za 2¾. Bado atakuwa na bunduki bora kuliko ile ya plastiki.

Jingine: ukivutiwa na Winchester Model 12, pampu nyingine za zamani, ambazo uzalishaji wake wa kawaida uliisha 1964, jua kwamba ukishikilia kifyatulio huku unasukuma mbele kishikio cha pampu, inapiga papo hapo. Ithaca 37 za zamani nazo ni hivyo. Aliyezoea bunduki mpya hategemei kabisa.

Kwale_Mbio: Nimerudi kuiona. Tulihakikisha haina kitu, nikachungulia mtutu kwenye mwanga: unang'aa, hauna bonde wala kutu. Imeandikwa 2¾, na choki ni FULL, ile ya kubana. Nimemwomba mwenyewe apunguze kiasi cha kununulia mtutu wa pili. Amesema atanijibu Jumamosi.

Mzee_Mtutu: Akikubali, peleka na kipimo cha chemba. Kwenye mtutu wa umri huo, huenda fundi mwingine alishairefusha chemba.