Sigara ishirini kwa siku: vidonge vya vitamini vitamkinga mjomba?

Binti_Mkomani
Assalaam aleikum wanajukwaa. Mjomba, miaka 52, avuta sigara 20 kwa siku, na jioni barazani huongeza miraa. Presha iko juu. Amenunua kopo la vidonge vya beta-karotini (kile kiini cha vitamini A kilichomo kwenye karoti), asema atakula hivyo na kupunguza sigara hadi tano, moyo utapona. Ni kweli?

Langoni_Lishe
Waaleikum salaam dada. Kopo hilo aliweke kando leo hii. Finland waliwapa wavutaji miligramu 20 za beta-karotini kila siku, wanaume zaidi ya 29,000 wakishiriki katika utafiti huo. Matokeo yalipotoka 1994, waliomeza vidonge ndio waliopata saratani ya mapafu zaidi. Karoti na papai hazina neno. Kidonge ndicho cha kuogopwa.

Kinachomwishia mvutaji hasa ni vitamini C, kwa kuwa moshi huiunguza mwilini. Mwanamume asiyevuta ahitaji miligramu 90 kwa siku, mvutaji 125. Pera moja kubwa latosha, au sahani ya papai. Msidanganywe na ukali wa ukwaju, vitamini C yake ni kidogo sana. Unga wa ubuyu ukorogwe kwa maji baridi. Ule wa kupikwa na sukari na rangi umeshapitia moto, na moto huiharibu vitamini hiyo.

Lakini mapera hayazibui mishipa. Moshi una kaboni monoksaidi, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Nikotini huuendesha moyo mbio na kubana mishipa, damu nayo huganda upesi. Miraa huongeza presha juu ya hayo. Na hiyo hesabu ya tano si robo ya madhara: hata sigara moja kwa siku hubakisha karibu nusu ya hatari ya ziada aliyo nayo mvutaji wa 20. Aache kabisa. Akitimiza mwaka, hatari hiyo ya ziada ya moyo hushuka kwa takriban nusu.

Dawa_Shela
Naongeza njia ya kuacha. Kwa sigara zaidi ya 10, kibandiko cha nikotini cha miligramu 21 kila siku kwa wiki sita, kisha 14 wiki mbili, kisha 7 wiki mbili. Kwa presha yake, daktari amwone kwanza. Chingamu ya nikotini haitafunwi kama ubani: aitafune polepole mpaka imwashe, aiegeshe shavuni. Robo saa kabla yake asinywe kahawa wala maji ya limau, nikotini haitaingia vizuri.

Kahawa tungu aipunguze kwa nusu. Moshi huharakisha ini kuondoa kafeini. Akiacha, vikombe vile vile vitamkosesha usingizi na kumtetemesha, naye atadhani ni kiu ya sigara.

Binti_Mkomani
Shukrani. Yeye huwa Kipungani, kijijini huku kisiwani Lamu, siku nyingi. Dalili gani tusizipuuze?

Dawa_Shela
Kifua kubanwa kwa uzito, maumivu yakipanda taya au mkono, jasho baridi, pumzi kukata. Msingoje alfajiri wala msimkande. Tafuteni boti ya mashine saa hiyo hiyo, afike hospitali.