Dragon Age: Origins, nimwamini Zevran au Leliana?

Chalii_Sakina: Wakuu heshima kwenu. Nacheza Dragon Age: Origins, lile gemu la BioWare la 2009, laptopu yangu ya zamani ndo inalimudu. Unatembea na watu watatu tu, nishamweka Alistair mbele na Wynne wa kutibu, imebaki nafasi moja nataka mtu wa kufungua makufuli. Leliana nilimkuta kijiji cha Lothering kwenye baa. Zevran ndo kaja njiani kuniua, katumwa na Loghain, yule jenerali adui yetu, nikampiga akaanguka, nikamsamehe. Aisee mtu aliyekuja kukuua unalala naye vipi kambi moja?

MangiPasua: Zevran. Nisikilize kwanza mangi. Yule hajakuficha kitu, siku ya kwanza tu kakwambia ni wa Kunguru wa Antiva, lile kundi la wauaji wa kukodiwa, kaagizwa, kashindwa, na wenzake wakimpata wanamuua. Unajua kabisa anachotaka. Hatari ni Denerim, ule mji mkuu, atatokea mwenzake wa zamani Taliesen, hapo kama Zevran hakupendi anahamia kule na mnapigana naye. Mkizoeana anasimama na wewe. Kwa hiyo piga naye stori kambini, mpe zawadi, alama za kukupenda zinaenda mpaka 100, usimsahau tu.

DadaNjiro: Mi napinga kabisa. Yamenikuta, nilimwacha kambini muda wote sikumjali, kufika Denerim kanigeuka, nikafa, na nilikuwa sijasevu toka umeme uliporudi jioni nikarudia yote mpaka usiku wa manane. Chukua Leliana. Ana upinde, ana imani yake, na ili akugeuke lazima uyanajisi Majivu Matakatifu ya Andraste, nabii wa dini yao, yaani mpaka wewe mwenyewe uamue kufanya ubaya. Na huyo Wynne wako ni hivyohivyo, ukiyachafua mbele yake anakushambulia, kwa hiyo ukienda pale nao wote wawili fikiria mara mbili.

MangiPasua: Sawa dada, ila Leliana si alijitambulisha kama mtawa tu? Mbona kwanza kauficha ule ujasusi aliofanya nchi ya Orlais chini ya bosi wake Marjolaine? Kati ya aliyekuja na kisu akasema ukweli na aliyekuja na sala akaficha, mimi namwamini wa kwanza.

DadaNjiro: Kuficha ulikotoka sio usaliti. Yule alisalitiwa na mtu aliyempenda, akakimbia akaanza maisha upya, wewe ungemsimulia mgeni wa baa mambo hayo siku ya kwanza? Na akishakuamini anakwambia yote mwenyewe.

Kijenge_Juu: Mbwa wa Mabari jamani, upendo wake uko 100 toka mwanzo na haushuki ufanye nini. Makufuli ndo hawezi.

MangiPasua: Dada hapo kwenye kusalitiwa nimekuelewa. Nabaki na Zevran ila Leliana sitamwona tena mnafiki.

Chalii_Sakina: Asanteni sana wakuu. Haven, kule yaliko majivu, naenda na Leliana, ila siyagusi. Ila jana usiku kabla sijalala nilimpa Zevran zile glavu za Wadalish, wale elfu wa msituni, nilizookota hukohuko, akaniambia mama yake alikuwa Mdalish na alikuwa na glavu kama zile. Nikasevu palepale. Denerim naenda naye.