Mjadala: Mamluki akishindwa, ashtakiwe kwa kosa gani?

Wakuu, kuna hoja inarudiwa kila mara: mamluki walioshindwa ni wa kuchekwa tu, nchi hawakuichukua, mnawakamia nini? Napinga, na mfano wangu ni Shelisheli, 25 Novemba 1981.

Mike Hoare, yule yule aliyepigana na Wasimba (waasi wa Kongo) mwaka 1964 kwa ajira ya Waziri Mkuu Tshombe, alitua Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, kumpindua Rais René, akiwa na watu zaidi ya 40 waliojifanya klabu ya wanywa bia wanaokwenda likizo. Mabegi yalikuwa na sakafu ya uongo: juu midoli ya watoto, chini AK-47. Karibu wote walishapita forodha pale begi la mmoja lilipopekuliwa, bunduki ikaonekana. Risasi zikaanza hapo hapo uwanjani na askari wa Shelisheli akauawa. Mambo yalipowaharibikia, wakateka ndege ya Air India iliyokuwa imetua, wakakimbilia Durban, Afrika Kusini.

Sasa tazameni kesi. Makaburu kwanza waliwaachia wengi wao. Kelele za mataifa zilipozidi ndipo wakapandishwa kizimbani, kwa kosa la kuteka ndege! Kuvamia nchi ya watu wala hakukuwa shtaka. Hoare alipigwa miaka 10, na 1985 alishakuwa nje. Je, wangetoroka kwa mashua, wangeshtakiwa kwa lipi? Tena aliiambia mahakama kuwa silaha alipewa na jeshi, lakini hakuna jenerali aliyeitwa kujibu.

Mtasema sheria ilibadilika. Ni kweli, Afrika Kusini ilitunga yake ya kuzuia umamluki 1998. Ikaja njama ya kupindua serikali ya Guinea ya Ikweta, 2004: kiongozi wa mamluki, Mwingereza Simon Mann, akakamatwa Harare, baadaye akafungwa Malabo, mji mkuu wa nchi hiyo wakati huo, mpaka msamaha wa 2009. Mark Thatcher, mtoto wa waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, aliyetuhumiwa kuifadhili njama hiyo, alikiri kosa chini ya sheria hiyo hiyo, akalipa faini ya randi milioni 3, akapewa kifungo cha nje, akaenda zake.

Najua kuna atakayenirukia: René naye alimpindua Rais Mancham 1977, na watu wake walifunzwa kwetu Tanzania. Hoja nzito, sikatai. Ila wale walikuwa wanagombania kwao, hawakukodiwa.

Wanasheria mliomo humu, mfadhili na mshika bunduki wahukumiwe sawa, au faini yatosha? Na nyie wa "tuwacheke tu", familia ya yule askari mnaiambia nini?