Treni ya ufunguo ya babu: niipeleke makumbusho ikatembee, au ibaki kabatini?

Mjukuu_wa_Reli: Wakuu, habari za jioni. Makumbusho fulani ina wikiendi ya treni za zamani za kuchezea, na mwenye treni yake anakaribishwa aje aiendeshe. Ninayo treni ya bati ya Hornby, kampuni ya Uingereza ya treni za kuchezea, niliyoachiwa na babu, kichwa na mabehewa mawili, ya reli yenye upana wa milimita 32. Ni ya ufunguo, si ya umeme. Jana nimeitia ufunguo nusu mzunguko, ikakoroma kama mzee aliyeamshwa usingizini, ikagoma. Niimwagie mafuta nizungushe kwa nguvu? Zimebaki wiki mbili.

FundiSpringi: Mkuu, weka huo ufunguo mbali kabisa! Springi haina kosa hapo. Mafuta yaliyotiwa enzi za babu yameganda yakawa ulimbo na kushika giya, na ukimwaga mapya juu yake unaongeza ulimbo tu. Safisha giya kwa brashi ndogo na petroli ya kujazia viberiti, kidogo kidogo, isiguse rangi wala maandishi. Ikikauka, tia tone moja la mafuta mepesi, yale ya cherehani, kwenye ncha za ekseli. Basi.

Kabla ya hayo yote, washa tochi uangalie magurudumu. Hornby walianza kuuza treni mwaka 1920, na nyingi za miaka ya 1930 zina magurudumu ya zinki ya kumiminwa. Zinki ile ikichanganyika na madini ya risasi kidogo tu, inaoza kutoka ndani: inavimba, inapasuka, na haina dawa. Mimi nilisukuma kichwa changu cha treni kwa kidole tu, gurudumu likanibakia mkononi vipande vitatu kama biskuti. Nilikaa kimya siku nzima.

Mjukuu_wa_Reli: Nimeangalia. Mawili ya kichwa yana nyufa nyembamba kama unywele. 😩

FundiSpringi: Pole sana. Usikiendeshe. Magurudumu mapya ya kubadilishia yapo, ila ya babu usiyatupe, yafunge kwenye karatasi.

Mama_Behewa: Na uwaulize reli yao ina vyuma vingapi. Ikiwa vitatu, umeme unapita cha katikati, na vile viwili vya pembeni ni njia moja ya kuurudisha, kwa hiyo treni ya ufunguo haidhuru kitu. Ikiwa viwili, ekseli yako ya chuma inaviunganisha: shoti, na reli nzima inasimama watoto wakikutazama wewe. Yalishanikuta.

Mjukuu_wa_Reli: Nimewapigia, ni vyuma vitatu. Magurudumu ya mabehewa ni ya bati, mazima. Nikipata kichwa cha kuazima, mabehewa yatavutwa, na cha babu kitakaa mezani na ufunguo wake pembeni.

FundiSpringi: Nakuja na changu, kina magurudumu mapya. Ndoano za kuunganishia mabehewa tutazipima hapohapo.