Nani alikomesha utumwa na ubaguzi: waliokandamizwa au waliotunga sheria?

Mdadisi77

Wakuu, naomba mnisaidie hoja. Kuna jamaa ninayefanya naye kazi, msomi na mbishi kwelikweli, ameshikilia kwamba hakuna kundi lililokandamizwa likajikomboa lenyewe. Eti Waingereza waliingiwa na huruma wakafuta utumwa, wanaume wakawapa wanawake kura, mahakama za Marekani zikawapa weusi haki zao. Wanyonge kazi yao kulalamika, wenye nguvu ndio huamua. Nikamtajia Haiti, akasema ile ilikuwa bahati tu.

Mifano yangu inaishia kwenye majina ya viongozi, na hayo anayajua kunishinda. Ninachotaka ni mambo yalivyokwenda kule chini: watu wa kawaida walifanya nini hasa, na kwa nini mwenye nguvu akalegea?

Mwalimu Mkongwe

Huyo jamaa anaisoma historia kuanzia ukurasa wa mwisho, pale sheria inapotiwa saini. Simshangai. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na mitihani yetu hupenda sana tarehe za sheria.

Tuanze na hiyo huruma. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta utumwa mwaka 1833. Sasa rudi nyuma kidogo tu, Desemba 1831, kisiwani Jamaica. Samuel Sharpe, mtumwa na mhubiri wa Kibaptisti, alitumia mikutano ya sala kuwapanga wenzake: Krismasi ikipita, hakuna kurudi shambani bila ujira. Miwa ilikuwa inakaribia kuvunwa, na mwenye shamba ambaye miwa yake haikukatwa kwa wakati amekwisha. Mgomo ukageuka moto, mashamba yakateketea, makumi ya maelfu ya watumwa wakaingia. Wakoloni walijibu kwa ukatili: zaidi ya watu 300 waliuawa kwa hukumu za mahakama, na Sharpe mwenyewe alinyongwa Mei 1832. Mwaka huohuo Bunge likaunda kamati za kuchunguza utumwa. Kabla ya hapo wabunge walikuwa wakijadili kama utumwa ni halali. Baada ya moto ule ilibidi wajiulize pia kama unaweza kuendelea kulindwa, na kwa gharama gani.

Kisha mwulize jamaa yako nani alilipwa. Serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, zote kwa wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakupata hata peni. Wengi walilazimishwa kubaki kwa mabwana wao walewale kama "wanagenzi", wakifanya kazi sehemu kubwa ya wiki bila ujira, hadi Agosti 1838. Deni lililotokana na fidia hiyo Uingereza ilimaliza kulilipa mwaka 2015. Huruma ya namna gani hiyo inayomlipa mwizi?

Haiti nayo, bahati gani inayodumu miaka 12? Ilikuwa koloni la Ufaransa, na watumwa waliasi Agosti 1791. Mjumbe wa Ufaransa kisiwani alitangaza uhuru wao 1793 kwa sababu alikuwa anavamiwa na Waingereza na Wahispania, na jeshi pekee lililoweza kumwokoa lilikuwa la watu weusi haohao. Paris ikafuata mwaka uliofuata. Majeshi ya Napoleon yalipofika 1802, Toussaint Louverture, kiongozi wa weusi hao, alikamatwa kwa hila, akafia gerezani Fort de Joux, kwenye baridi ya milima ya Jura. Vita havikusimama. Jean-Jacques Dessalines alivimaliza na kutangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Najua atakutajia homa ya manjano. Kweli iliwaua askari wengi wa Kifaransa, lakini mbu hawakuunda jeshi wala kushinda pale Vertières, kwenye pigano kubwa la mwisho. Na mwaka 1825 Ufaransa ilirudi na manowari, ikadai faranga milioni 150 kufidia wamiliki. Huko nako, aliyefungwa minyororo ndiye aliyeletewa ankara.

Binti wa Maktaba

Mwalimu kamaliza utumwa, mimi niongezee Marekani, maana hapo kwenye "mahakama ziliwapa" ndipo jamaa anapoteleza vibaya.

Kila mtu anamjua Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekamatwa mjini Montgomery, Desemba 1955, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Lakini Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikuwa amemwandikia meya tangu Mei 1954 kumwonya kwamba weusi wangeweza kugomea mabasi. Usiku ule Parks alipokamatwa, Robinson aliingia chuoni na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakawasha mashine ya kudurufu na kutoa makumi ya maelfu ya vipeperushi hadi alfajiri. Wangekamatwa wakitumia karatasi za chuo cha serikali, kazi zao zingekwisha.

Mgomo ulichukua siku 381. Unamfikishaje mfanyakazi wa ndani kazini kila asubuhi bila basi? Walipanga magari binafsi, vituo, ratiba na wapokea simu. Kampuni za bima zikafuta bima za magari hayo, wakahangaika hadi wakapata bima kutoka London. Petroli nayo ilitaka hela, na hapo ndipo ninapompenda Georgia Gilmore, mpishi. Yeye na wanawake wenzake walipika kuku, keki na pai, wakauza majumbani na kwenye saluni, kisha fedha akazipeleka kwenye mikutano ya mgomo. Kundi lao waliliita "Klabu ya Kutoka Kusikojulikana", kwa sababu wengi walikuwa wakiajiriwa na wazungu na jina moja tu likivuja, mtu hana kazi.

Na hiyo kesi iliyofuta ubaguzi kwenye mabasi iliendeshwa kwa majina ya wanawake wanne. Mmoja wao, Claudette Colvin, alikataa kuacha kiti chake Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks, akiwa na umri wa miaka 15. Hakimu hakuamka asubuhi na wazo lile kichwani.

Ngumu Kumeza

Msimpambe sana mnyonge. Wazanji, watumwa weusi waliokwangua udongo wa chumvi kwenye vinamasi karibu na Basra, Iraki, waliasi mwaka 869, wakajenga mji wao, wakapiga sarafu zao, wakaiteka Basra yenyewe, wakapigana miaka 14. Mwaka 883 wakafutwa. Halafu kiongozi wao, Ali bin Muhammad, aliwaahidi wafuasi kwamba wao pia watamiliki watumwa. Kujipanga peke yake hakutoshi, na si kila anayevunja minyororo anataka dunia isiyo na minyororo.

Na kwa kura ya wanawake jamaa ana hoja. Uswisi wanaume waliikataa mwaka 1959, wakaikubali 1971. Jimbo moja, Appenzell Innerrhoden, liliendelea kuwanyima kura za jimbo hadi mahakama ya shirikisho ilipolilazimisha, mwaka 1990! Hapo mwenye nguvu aliamua, hakuna namna.

Mdadisi77

Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Huyu wa mwisho kanitia wasiwasi kidogo. Kuna mahali sheria ilitangulia kabisa, kabla watu hawajajitokeza?

Mwalimu Mkongwe

Marahaba. Ngumu Kumeza yuko sawa kuhusu Wazanji, ila Appenzell kesi ilipelekwa mahakamani na wanawake wenyewe wa jimbo hilo.

Jibu la swali lako ni Mahad, magharibi mwa India. Baraza la Bombay liliamua 1923 kwamba maji ya umma yawe wazi kwa walioitwa wasioguswa, yaani watu waliowekwa chini ya matabaka yote, na manispaa ya Mahad ikaafiki 1924. Wakakaa miaka mitatu wakilitazama bwawa la Chavdar bila kuthubutu kulitumia. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa miongoni mwao, aliongoza maelfu, akainama akanywa, nao wakanywa. Siku hiyohiyo walipigwa, na baadaye watu wa tabaka la juu wakalitakasa bwawa kwa kumwaga humo mitungi ya mchanganyiko wa mavi na mkojo wa ng'ombe, kisha wakaenda mahakamani kudai kwamba ni mali yao. Kesi iliburutwa hadi 1937, Mahakama Kuu ya Bombay iliposema kwamba desturi waliyoidai ya kuwazuia wengine hawakuithibitisha kuwa ya tangu kale.