Kichujio cha maneno kiondolewe kwenye makundi ya kujifunza Kiingereza?

Mleta mada
Wadau, msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Kwenye makundi ya watu wazima wanaojifunza Kiingereza, kichujio kinachofuta maneno chenyewe kiondolewe, abaki msimamizi mwenye macho.

Mtu anauliza maana ya "cock-and-bull story". Jibu lake ni jepesi, ni porojo, hadithi ya kutunga. Ila swali halifiki. Mashine imeona "cock", yaani jogoo, ambalo pia ni tusi la uume, ikaweka nyota nne, na wenzake wanadhani katukana. "Tit for tat", ambayo kwetu ni jino kwa jino, nayo inakatwa. Halafu anaandikiwa "your English leaves much to be desired", yaani Kiingereza chako bado sana. Humo hamna neno hata moja la kufuta, kwa hiyo anasimangwa mchana kweupe na huenda akajibu asante.

Balaa hili ni la zamani. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwazuia wakazi wa Scunthorpe, mji wa Uingereza, kujisajili, kisa herufi nne zilizomo ndani ya jina la mji wao. Mwaka 2008 tovuti moja ya habari ya Kikristo Marekani ilikuwa imeiagiza programu yake ibadilishe kila "gay" kuwa "homosexual". Mwanariadha Tyson Gay alipotamba kwenye mbio za mita 100, akatangazwa kwa jina la Tyson Homosexual. Oktoba 2020 wataalamu wa mabaki ya wanyama wa kale walikutana mtandaoni, na kichujio cha mkutano kikawakatia neno "bone". Watu wa mifupa wanakatazwa kutaja mfupa!

Kiswahili nacho hakiponi. Kichujio cha Wazungu kikisomeshwa maandishi yetu kitakwama kwenye "mashitaka", "manusura" na "ufagio", maana ndani yake mna herufi za maneno machafu ya Kiingereza. Tui la nazi ndilo usiseme, kwao Nazi ni wafuasi wa Hitler. Na tukitengeneza cha kwetu, kitaanza kufuta "kumaliza" na "kumaanisha". Sababu mnaijua.

Mama Wawili
Hapo kwenye nazi umenichekesha, ila sikubali. Hayo makundi unayoyaita ya watu wazima yamejaa watoto wa kidato cha pili wanaotumia simu za mama zao. Mimi nafundisha sekondari, nawajua. Kijana ananyoosha mkono kwa adabu zote, "Madam, naomba maana ya neno hili," na darasa zima linaangua kicheko kabla hajalitamka. Anajua anachofanya. Kichujio kinanipunguzia huo upuuzi angalau nusu. Na huyo msimamizi wako mwenye macho, analala saa ngapi?

Fundi wa programu
Mnachanganya mambo mawili. Kichujio kinachosaka herufi ndani ya neno ni uvivu wa aliyekitengeneza. Kiambie kisake neno zima, Scunthorpe na manusura wanapona papo hapo. Nahau ndiyo haitibiki hivyo, kwa sababu jogoo wa kwenye porojo ni neno zima, na nazi pia. Unaweza kuweka orodha ya misemo inayoruhusiwa, lakini Kiingereza kina misemo mingi mno, utazeeka ukiijaza. Mimi ningefunika neno bila kulifuta. Anayetaka abonyeze alione, na msimamizi apate taarifa.

Babu wa Tanga
Kwa hiyo mapishi ya wali wa nazi yanahitaji kibali?

Mkenya wa Nakuru
Ninyi mnazungumzia matusi ya chumbani. Huku kwetu neno "madoadoa" ni la chui na la ngozi ya mtu, lakini kwenye siasa za Bonde la Ufa lilimaanisha jirani wa kabila lingine anayetakiwa aondoke. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 watu walichomewa nyumba. Aprili 2022, uchaguzi wa Agosti ukikaribia, NCIC, tume ya Kenya ya uwiano na utangamano, ililitia kwenye orodha yake ya maneno ya chuki. Niambie sasa, hilo nalo tuliache lipite kwa sababu kuna mtu anajifunza lugha?

Mleta mada
Ndugu wa Nakuru, mfano wako unanibeba mimi. NCIC iliyaandika maneno yale waziwazi, haikuweka nyota. Ilitaka watu wayasome wayajue. Mashine ingefuta habari ya chui, na mchochezi angehamia neno jingine kesho yake.

Tazama kisa cha Washington mwaka 1999. David Howard, msaidizi wa meya Anthony Williams, alisema kwenye mazungumzo ya bajeti kwamba atakuwa "niggardly". Maana yake ni bahili, na kwa asili neno hilo halina undugu na lile tusi la watu weusi. Lakini masikioni yanafanana, manung'uniko yakazuka, akajiuzulu. Baadaye alirudishwa kazini. Mwanafunzi wetu anayekwenda kuishi Marekani anahitaji kujua mambo yote mawili: neno si tusi, na bado asilitumie. Nitamwonyaje kwa nyota? Atabaki anakisia, na siku akilikuta gazetini atalipenda kwa sababu linasikika la kisomi.

Mama Wawili, kuhusu watoto nakupa haki yako. Kundi lao liwe peke yake, na humo kichujio kikae.

Mama Wawili
Kundi lao peke yake utalilinda vipi? Wanaulizwa umri, wanaandika 25. Fundi, hilo lina dawa?

Fundi wa programu
Bila kudai vitambulisho, halina. Na ukidai vitambulisho, hao watu wazima wa mleta mada ndio watakaokuwa wa kwanza kuondoka.