Bima ya mogeji ukipunguzwa kazini Uingereza: A, B au akiba?

BabaZuu_Reading
Wadau, naomba mawazo ya wenye uzoefu. Ghalani kwetu kuna minong'ono ya kupunguza watu, na mogeji yangu, yaani mkopo wa nyumba, ni pauni 1,140 kwa mwezi. Nimepata bei mbili za MPPI, ile bima inayokulipia mogeji ukipoteza kazi. A ni pauni 31 kwa mwezi: unangoja siku 30, kisha inalipa kuanzia siku ya kwanza uliyokosa kazi. B ni pauni 22: unangoja siku 60, na hizo 60 hazilipwi. Zote mwisho miezi 12. C ni kuachana na bima, hela niweke akiba. Mngechukua ipi? Nataka kujua wanavyolipa, wanavyouza nimeshasikia.

Kidoti_Leicester
Kwa hesabu tu, A. Ukikaa miezi 5 bila kazi, A inakupa kama pauni 5,700 na B 3,420. Tofauti ya ada kwa mwaka mzima ni pauni 108.

Ila shughuli iko kwenye kudai. Mimi nilidai, kampuni siitaji. Mwajiri alinilipa notisi ya miezi mitatu kwa mkupuo, nikaondoka siku ileile. Bima wakasema kwao miezi hiyo bado niko kazini, siku za kungoja zinaanza baada yake. Na kweli imo kwenye mkataba, na mikataba mingi iko hivyo. Kiinua mgongo chenyewe hawakukigusa.

Halafu kuna fomu ya mwajiri. Yako unaijaza jioni moja. Ile ya mwajiri inalala ofisi ya utumishi mpaka uwasumbue kwa simu. Ndani yake kuna swali, BabaZuu lisome vizuri: mfanyakazi aliarifiwa lini kwa mara ya kwanza kwamba nafasi yake iko hatarini? Tarehe hiyo wanailinganisha na siku uliyonunua bima.

Mzee_wa_Vifungu
Kidoti kagusa penyewe. A na B baadaye, kwanza hiyo minong'ono. Ni umbea wa kantini au kuna barua? Mikataba hii kwa kawaida hailipi kama wakati unanunua ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba kazi inayumba. Na mwajiri anayetaka kupunguza watu 20 au zaidi mahali pamoja ndani ya siku 90 analazimika kushauriana na chama au wawakilishi wa wafanyakazi angalau siku 30 kabla ya wa kwanza kuondoka. Wakifika 100, siku 45. Mashauriano hayo huacha tarehe kwenye karatasi. Kama yameshaanza, ada yako ni sadaka kwa kampuni ya bima.

Hata kama hayajaanza, uliza kipindi cha mwanzo ambacho huwezi kudai kabisa. Mara nyingi ni miezi mitatu au minne tangu ununue, na ukipata barua humo ndani ndiyo basi. Wengi huchanganya hicho na siku za kungoja. Na ukinyoosha mkono kuondoka kwa hiari, hulipwi.

Shemeji_Nairobi
Huku Kenya sheria ya ajira ya 2007 inasema ukipunguzwa ulipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Huko je? Maana hela hiyo ya kupunguzwa ndiyo akiba, C yenyewe.

Kidoti_Leicester
Shem, huku lazima uwe na miaka 2 kazini. Ukiwa na umri wa 22 hadi 40, wiki moja kwa kila mwaka. Kuanzia 41, wiki moja na nusu. Mshahara wa wiki wenyewe una kikomo. Pauni 30,000 za kwanza hazikatwi kodi.

Binti_Tanga
Wenye viza isiyoruhusu msaada wa umma, msiikwepe Jobcentre, ofisi ya serikali ya wanaotafuta kazi. Bima watataka uthibitisho kwamba umejiandikisha kutafuta kazi, bila huo dai halisogei. New Style JSA, posho ya asiye na kazi, inatokana na michango yako ya National Insurance inayokatwa kwenye mshahara, haihesabiwi kuwa msaada wa umma, na akiba yako haiangaliwi. Inalipwa hadi siku 182. Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, ndiyo usiiguse. Hiyo hata mwenye uraia akiwa na zaidi ya pauni 16,000 haipati.

Swali langu: dai likikataliwa, ni kwenda kwa wakili?

Mzee_wa_Vifungu
Wakili wa nini! Lalamika kwa kampuni kwa maandishi. Wana wiki 8 za kukupa jibu la mwisho. Wakishikilia msimamo, peleka kwa Financial Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya fedha, ndani ya miezi 6 tangu jibu hilo. Ni bure.

BabaZuu_Reading
Asanteni sana. Barua bado, ila tumeitwa mkutano wa wafanyakazi wote Alhamisi. Nikinunua A leo je?

Mzee_wa_Vifungu
Ukinunua leo na Alhamisi wakatangaza, uko ndani ya kile kipindi cha mwanzo. Hulipwi na A wala B. Kwako sasa hivi ni C. Usitegemee sana serikali: msaada wa riba ya mogeji tangu 2018 ni mkopo unaodaiwa kwenye nyumba, na unaanza baada ya miezi 3 ya Universal Credit. Piga simu benki kabla hujakosa malipo hata mwezi mmoja. Waliosaini makubaliano ya Juni 2023 wanaweza kukuruhusu ulipe riba tupu kwa miezi 6, ilimradi huna deni la nyuma. Waulize hilo kwa jina lake, Mortgage Charter.

Kidoti_Leicester
Na huo mkutano, andika aliyezungumza na alichosema. Wakitaja tu mauzo yameshuka bila kutaja kazi za watu, rudi hapa na vifungu vya A tuvisome.